Mkuki Hutupwa kwa Miguu: Ninayowaambia Mabinti wa Mufindi

Wiki ile nchi nzima ilikuwa ikimzungumzia Simbu. Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akampita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, na hapa Mafinga hata wauza viazi wa stendi walikuwa wakiisimulia ile hatua ya mwisho kana kwamba walisimama pale pale mstarini. Nilifurahi mno. Lakini mimi nilikuwa naingoja Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa fainali ya mkuki wanawake.

Tuliitazama kwenye simu yangu, mimi na wasichana wanne ninaowafundisha jioni, tumebanana kwenye benchi moja nje ya nyumba, bando tumelichangia. Dhahabu ilikwenda kwa Juleisy Angulo wa Ekuador, mita 65.12. Anete Sietina wa Latvia akawa wa pili kwa 64.64, na Mackenzie Little wa Australia wa tatu kwa 63.58. Haruka Kitaguchi wa Japani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa Budapest 2023 na bingwa wa Olimpiki wa Paris 2024, hakuwemo kabisa kwenye fainali. Alikuwa ametolewa kwenye mchujo mbele ya watu wake mwenyewe, mwaka ambao kiwiko chake cha kulia kilimsumbua. Hilo la kiwiko nitalirudia, kwa sababu linanigusa.

Kesho yake baada ya ibada tulichukua tepu tukaenda uwanja wa shule. Nilitaka wasichana waione ile 65.12 kwa macho, maana namba kwenye simu haina urefu. Tukaanza kupima kwenye mstari wa pembeni, tukaukata uwanja kwa upana. Uwanja wetu ni mwembamba kuliko viwanja vikubwa, kwa hiyo tepu ilivuka mstari wa upande wa pili, ikaingia kwenye majani, na tukaweka jiwe lililopakwa chokaa karibu na ua wa shamba la jirani. Mmoja wao, ambaye mtupo wake bora ni mita 33, alisimama kando ya lile jiwe, akageuka kuangalia tulikotoka, akakaa kimya. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ana mkono wa namna gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu na kwa watoto wenyewe, na mimi mwenyewe niliwahi kuliamini hadi likaniumiza. Watu wanadhani mkuki ni kazi ya mkono.

Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wa michezo alitupanga mstari, akatuangalia mabega, akanichagua mimi. Nilikuwa mpana kwa sababu ya ndoo za maji na mizigo ya kuni. Tangu siku hiyo mazoezi yangu yalikuwa pushapu na kurusha, kurusha na pushapu. Nilirusha nimesimama mahali pamoja, mara arobaini, mara hamsini kwa jioni moja, na nilipoanza kusikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko niliambiwa ni mkono unaokomaa. Simlaumu sana mwalimu yule wala simtaji, naye alifundishwa hivyo hivyo. Ila asubuhi moja ya Julai, sakitu bado imelala kwenye nyasi, siku moja kabla ya mashindano ya mkoa, nilirusha mtupo wa kwanza bila kupasha mwili, nikasikia kitu ndani ya kiwiko kikiachia kama uzi unaokatika. Mashindano niliyatazama nimekaa, mkono umefungwa kwa khanga ya mama. Hadi leo nikikamua blanketi la mvua naisikia sehemu ile ile.

Mwalimu wangu hakuwa amejua kwamba mkuki hutupwa kwa miguu, na mkono huja mwishoni kabisa kumalizia kazi iliyokwisha kufanyika.

Kwa watoto wa Mufindi huwa nalieleza kwa baiskeli. Kila mtu hapa ameona baiskeli iliyobeba gunia la viazi ikishuka mlima, gurudumu la mbele likagonga jiwe. Baiskeli inasimama ghafla, na gunia linaruka mbele kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kulirushia kwa mikono. Mtupa mkuki ni baiskeli ile. Anakimbia, anachukua hatua zake za kando, kiuno kimegeuka, mkuki uko nyuma na mkono umenyooka. Kisha mguu wa kushoto unatua mbele ukiwa umenyooka, na haukunji goti. Ule mguu ndio jiwe. Miguu na kiuno vinasimama, kifua kinaendelea, bega linafuata kifua, kiwiko kinafuata bega, na mkuki unatoka mwisho kama ncha ya mjeledi. Goti la kushoto likikunjika, kasi yote ya mbio inamezwa na goti, na hapo ndipo msichana anapojaribu kuifidia kwa mkono peke yake. Kiwiko kinaumia hapo.

Tazameni picha yoyote ya Angulo au ya Kitaguchi wakati mkuki unaachia mkono. Msiangalie mkono, angalieni mguu wa kushoto.

Kwa hiyo ukinipa msichana mpya, mwezi wa kwanza hashiki mkuki. Anajifunza kutua. Anatembea hatua tatu, anatua kwa mguu wa kushoto ulionyooka, anasimama, anarudia. Hatua tano. Kisha anakimbia polepole. Kisha tunatumia magunzi ya mahindi, ambayo kwetu hayaishi: natundika kifuniko cha ndoo kwenye mti wa msindano, anarusha gunzi kutoka juu ya bega, kiwiko kiko juu karibu na sikio, na kila gunzi linatanguliwa na ule mguu. Gunzi ni jepesi, halimuumizi mtu, na mtoto anaweza kurusha mengi akicheza. Wengine huona ni mchezo wa kupoteza muda na wanataka mkuki siku ya kwanza. Siwapi.

Na kama msichana ni wa mkono wa kushoto, mwacheni arushe kwa kushoto, mguu wa kulia uwe ndio jiwe. Nilimpokea mmoja aliyelazimishwa kutumia kulia tangu shule ya msingi kwa sababu ya adabu ya mkono wa kula. Ndani ya wiki tatu baada ya kumrudishia mkono wake aliongeza mita sita. Sheria za mkuki hazina neno lolote juu ya mkono gani.

Mkuki wa wanawake una gramu 600, na urefu wake ni kati ya mita 2.20 na 2.30. Wa wanaume ni gramu 800. Kwa wasichana walio chini ya miaka 18 mashindano ya kimataifa hutumia gramu 500, yaani karibu sawa na chupa ya maji ya nusu lita. Nasisitiza hili kwa sababu shule nyingi zina mkuki mmoja tu stoo, wa gramu 800, ulionunuliwa zamani kwa ajili ya wavulana, na mtoto wa miaka 14 anapewa huo huo. Ukiwa mwalimu na huna mwingine, afadhali usimpe kabisa. Nenda kwenye milanzi, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi.

Mlanzi mkavu uliokomaa hutoa mkuki mzuri wa mazoezi. Omba kwa mwenye shamba, tena uombe kwa heshima, na usiguse machipukizi, maana hayo ndiyo yanayotoa ulanzi wake na utakuwa umemkatia riziki. Chagua uliolala chini au uliokauka wenyewe, mwembamba, ulionyooka, ukate urefu wa mita mbili na kitu. Uparaze vifundo kwa kisu. Utafute mahali unapokaa sawa juu ya kidole kimoja, na hapo uzungushie utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka upate pa kushika. Ncha usiweke msumari. Izungushie mpira pia. Kisha upeleke dukani ukapimwe kwenye mizani ya sukari, na kama umezidi gramu 500 uendelee kuparaza. Mikuki yangu saba ya milanzi imetoka kwa bibi mmoja wa Ifwagi ambaye kila nikifika ananiamkia "Kamwene," na kabla hata sijaketi anauliza wale wajukuu wake wamefikisha hatua ngapi.

Sasa baridi. Mashindano ya shule mara nyingi huangukia Juni na Julai, na wanaoishi huku wanajua Juni na Julai ni nini. Ukungu hauondoki hadi saa nne. Msichana anafika uwanjani na fulana moja, anakaa kwenye nyasi za umande akingoja kuitwa, anaitwa, anasimama, anarusha. Kiwiko changu kilikufa hivyo. Kwa hiyo wasichana wangu wanavaa sweta na suruali ya mazoezi mpaka dakika ya kuitwa, na wakirudi wanavaa tena. Wanakimbia taratibu dakika kumi na tano, wanazungusha mabega, wanarusha magunzi machache, ndipo mkuki. Nimeweka pia kikomo: mkuki wenyewe hurushwa siku mbili kwa wiki, na hauzidi mitupo ishirini kwa siku, nusu yake ikiwa ya hatua tatu tu. Msichana akiniambia kiwiko kinauma kwa ndani, siku hiyo imekwisha, hata kama kesho kuna mashindano. Wamekwisha kunililia kwa hilo. Siwaachii. Kama kiwiko kinaweza kumzuia bingwa wa Olimpiki mwenye daktari na kocha wake, cha mtoto wa kidato cha pili wa Mufindi kitalindwa na nani, kama si na mimi niliyesimama naye pale?

Nalazimika kusema pia juu ya usalama, na hapa naomba walimu mnisikilize. Viwanja vyetu ni njia za watu. Mbuzi wanapita, watoto wa shule ya msingi wanakatisha, mama anapita na beseni kichwani. Mkuki ukishatoka mkononi haurudi. Kwangu anayerusha hupaza sauti kwanza, na mtu mmoja ana filimbi ambaye kazi yake ni kuangalia uwanja tu, harushi. Hakuna anayevuka mstari mpaka mikuki yote imetua. Kuifuata ni kwa kutembea, kamwe si kwa kukimbia, kwa sababu mkuki uliochomeka ardhini mkia wake umesimama usawa wa uso wa mtoto anayekimbia. Kuuchomoa, weka mkono mmoja nyuma ya mkia na mwingine mahali pa kushikia, uuinue wima, ndipo uvute. Kurudi, unabebwa wima, ncha chini.

Jambo jingine ni waamuzi. Katika mashindano ya shule nimewahi kunyang'anywa mtupo halali, na nimeona watoto wengi wakinyang'anywa, kwa sababu eti mkuki haukuchomeka. Sheria haisemi lazima uchomeke. Inataka kichwa cha chuma kiguse ardhi kabla ya sehemu nyingine yoyote, basi. Ukigusa kwa ncha kisha ukalala, mtupo ni halali na unapimwa kutoka alama ya kwanza ya ncha. Mkuki ushikwe pale penye kamba na utoke juu ya bega au juu ya mkono unaorusha. Kuzungusha kama kombeo ni faulo. Usigeuze mgongo kabisa kuelekea unakorusha kabla mkuki haujaachia. Usikanyage tao la mbele, yaani ule mstari uliopinda mwishoni mwa njia ya kukimbilia, wala ng'ambo yake, na usitoke kwenye njia ya kukimbilia mpaka mkuki umetua, tena utokee nyuma ya tao. Mtupo ukigusa mistari ya pembeni ya eneo la kutulia mkuki umetoka. Mwalimu, zichape sheria hizi ukaende nazo uwanjani, umwonyeshe mwamuzi kwa upole kabla ya mashindano kuanza. Baada ya kuanza utakuwa umechelewa.

Mama mmoja alinijia mwaka jana jioni, amefunga kilemba, amekaa muda mrefu bila kusema kilichomleta. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mkuki ni kitu cha wanaume. Na mwanangu ataota mabega." Nilimwelewa. Hapa Iringa mkuki una uzito wake. Sote tumekua tukisikia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walivyolivunja jeshi la Wajerumani la Zelewski wakiwa na mikuki mikononi. Mzee yeyote wa huku akiona mkuki haoni mchezo kwanza.

Nilimsimulia habari za Theresia Dismas. Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville, nchi yetu ilipata medali yake ya kwanza ya kimataifa, fedha, na aliyeileta alikuwa mwanamke, na aliileta kwa mkuki. Hiyo ni miaka tisa kabla Filbert Bayi hajaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Baada yake Zakayo Malekwa aliupeleka mkuki wa Tanzania kwenye Olimpiki tatu, 1980, 1984 na 1988. Lakini wa kwanza alikuwa Theresia. Yule mama hakuwa amewahi kulisikia jina hilo, na wala si kosa lake. Hata mimi nililisikia nikiwa mtu mzima, na nilikaa siku nzima nikijiuliza ningekuwa nani kama ningelijua nikiwa kidato cha pili.

Kuhusu mabega nilimwonyesha picha za Kitaguchi, ambaye utotoni alikuwa muogeleaji na mchezaji wa badminton, jinsi bega lake linavyokunjuka laini. Mkuki unataka mwili unaolainika zaidi kuliko mwili mnene. Mama alitazama picha muda mrefu. Binti yake bado anakuja, na sasa mama ndiye anayemkumbusha sweta.

Kwa wanaodhani huu ni mchezo wa wazungu, nawatajia Afrika Kusini. Sunette Viljoen, ambaye pia aliichezea nchi yake kriketi, ana rekodi ya Afrika ya mita 69.35 aliyoiweka New York mwaka 2012, na alichukua fedha ya Olimpiki Rio 2016. Paris 2024 mwenzake Jo-Ane van Dyk alichukua fedha nyingine kwa 63.93. Kwa wavulana yuko jirani yetu Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kwa kutazama video mtandaoni, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Nao wasichana wakikuta mtandaoni kwamba kuna mwanamke aliyerusha mita 80, wasichanganyikiwe: Petra Felke alizirusha kweli mwaka 1988, lakini kwa mkuki wa muundo wa zamani. Mwaka 1999 mkuki wa wanawake ulibadilishwa, uzito ukasogezwa mbele ili ncha iiname mapema, na rekodi zikaanza upya. Ya sasa ni 72.28, ya Barbora Špotáková wa Ucheki, tangu mwaka 2008.

Siku ya mashindano ushauri wangu ni mfupi. Pima njia yako ya kukimbilia kwa nyayo zako mwenyewe, uweke alama, na uipime tena ukifika uwanja mgeni, maana nyasi za uwanja wa Samora mjini Iringa si udongo wa shuleni kwako. Mtupo wa kwanza uwe salama, kwa mbio za wastani, ili uwe na namba kwenye karatasi. Wasichana wengi hutaka kuumaliza mchezo kwenye mtupo wa kwanza, wanakanyaga tao, wanaogopa, na wa pili nao wanakanyaga.

Kisha usivue viatu kabla ya mtupo wa mwisho. Doha mwaka 2019 Kelsey-Lee Barber wa Australia alikuwa wa nne hadi mtupo wa mwisho, akarusha 66.56, akawa bingwa wa dunia. Budapest mwaka 2023 Kitaguchi alifanya vivyo hivyo, Flor Denis Ruiz wa Kolombia akiwa mbele kwa 65.47, na mtupo wake wa mwisho ukafika 66.73. Hizo mbili tumezitazama na wasichana mara nyingi kiasi kwamba wanajua kuhesabu hatua. Kinachonivutia ni kwamba wote wawili hawakuongeza nguvu ya mkono. Mbio zilikuwa zile zile, mguu wa kushoto ukatua wakati wake.

Jiwe la chokaa bado liko pale kwenye majani. Jirani alitaka kuling'oa wakati wa kulima, yule binti wa mita 33 akamwendea mwenyewe, akapiga magoti kidogo, akamweleza ni la nini. Jirani amelima akilizunguka. Sisi tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni. Ukiwa Mufindi na una binti anayetaka kujaribu, aje na sweta, chupa ya maji na magunzi kumi.